Tairi la Kushoto la Mama Lois

Tairi lilifika Masasi Jumatano mchana, limetupwa juu ya magunia ya korosho. Dunstan alipolishusha, kabla hata hajamjibu dereva wa lori salamu yake, aliligeuza akalitazama. Upande wa nje tairi lilikuwa zima, meno yote yapo, hata vile vinyweleo vya mpira mpya havijaisha. Upande wa ndani lilikuwa kipara mpaka nyuzi zimechomoza. Na laiti lingekuwa la kwanza! Lilikuwa la pili ndani ya miezi mitatu, gurudumu lile lile la mbele kushoto, gari lile lile la mama mkwe wake.

Ndani ya tairi mkewe, aliyekuwa kwa mama yake Makote, alikuwa amechomeka kikaratasi. "Mama anasema usihangaike, amefunga spea. Ijumaa tunashuka hospitali. Mtoto anacheza sana. Wako Lois."

Usihangaike! Jamani, asihangaike vipi? Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Gari lingetoka Makote, lipite Newala mjini, halafu lianze kuteremka ukingo wa uwanda wa juu, kona juu ya kona, kushoto shimo tupu. Usukani angeshika mama mkwe. Nyuma kungekuwa na godoro, na juu ya godoro Lois na mimba yake ya miezi minane. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilishika, na daktari wa hospitali ya misheni kule bondeni alikuwa amesema mama huyu aletwe mapema, asisubiri uchungu nyumbani. Mke, mtoto, mama mkwe: hao ndio watu aliokuwa nao Dunstan, na wote watatu walitegemea gurudumu ambalo yeye fundi hakulielewa.

Huyo mama mkwe jina lake Ethel, wagonjwa wakimwita Sista Ethel, Dunstan akimwita Mama Lois tena kwa mbali. Alikuwa muuguzi wa serikali miaka mingi, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watu kazini naye akapunguzwa. Hakukaa akalia. Wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia na fedha mkononi, yeye akauza mavuno ya shamba lote, akaongeza kiinua mgongo, akaagiza stesheni wagoni nyeupe iliyokwishatumika huko Japani, akajifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na mbili. Makote nzima ilisema mama huyu ataua mtu. Hakuua mtu. Alibeba wajawazito na watoto wenye degedege, akawashusha mteremko ule wiki baada ya wiki, nao wakarudi wazima.

Sasa mwenye akili zake atauliza: kwa nini fundi asikae na mwenye gari, akamuuliza gari linamfanya nini? Swali zuri. Lakini mwenye gari alikuwa mkwe. Dunstan hakuwahi kumtazama mama yule usoni. Akimwona njiani aliingia porini mpaka apite. Hakula mbele yake, hakuketi alipoketi, na neno lolote kati yao lilipitia kwa Lois, au Masasi kwa Awadhi, mwenzake wa gereji. Watu wa leo watacheka. Wacheke. Wakati ule mtu aliyemkodolea macho mama mkwe alionekana hana kwao, na Dunstan alikuwa na kwao.

Basi mara zote mbili alizopima alaimenti ya gari lile, yaani unyoofu wa magurudumu, Awadhi ndiye aliyepokea funguo na ndiye aliyezirudisha. "Muulize linamsumbua nini," Dunstan alinong'ona akiwa amejibanza nyuma ya pipa la oili. Awadhi akaenda, akarudi. "Anasema ahsante sana, kazi nzuri, hana la zaidi."

Alaimenti ya pale gereji ilikuwa ya kamba na futi. Kamba inavutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, nafasi inapimwa, tairodi, chuma kinachogeuza gurudumu, inazungushwa kidogo, inapimwa tena. Mashine haikuwapo, lakini jicho lilikuwapo, na malori ya korosho yalimfuata yeye yakaacha wengine wanapiga miayo. Kwa hiyo tairi la kwanza lilipolika alijiambia labda mawe. Hili la pili hakuwa na la kujiambia. Alilipapasa kwa kiganja. Kwenda nje kiganja kiliteleza, kurudi ndani kilikwaruzwa. Hiyo ilikuwa habari: gurudumu, likiwa mwendoni, linatazama nje. Lakini yeye aliliacha likitazama mbele! Nani analigeuza?

Hakulala. Alfajiri ya Alhamisi alifunga jeki, spana, nyundo, mtaimbo na vipande vya tyubu kwenye gunia, akapanda lori lililokuwa linapanda tupu kufuata korosho.

Alifika Makote jua la saa saba. Lois alikuwa ameketi mkekani chini ya mkorosho, tumbo mbele, anabangua korosho za kuchoma, vidole vyeusi. Mama yake alipoona mkwe anaingia uani, alijifunika kanga, akaingia ndani akaurudisha mlango nusu, kama ilivyopasa.

"Umekuja kunifuata mimi au gari?" Lois aliuliza.

"Wewe," alisema Dunstan, na tayari alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu.

Alilinyanyua akalitikisa juu na chini: gumu. Akalitikisa kushoto na kulia: gumu. Bolijointi, kiungo cha gurudumu, nzima, tairodi nzima. Akalishusha, akafunga kamba, akapima. Vipimo vilikuwa vile vile alivyoviacha, bila kupungua hata unywele. Akapima upya. Vile vile. Akaliendesha mwenyewe kuzunguka nyumba kwenye mchanga mzito, polepole, likaenda vizuri tu. Hapo hofu ikamwingia kwelikweli. Ubovu unaoonekana ni kazi, mtu anakunja mikono ya shati anafanya. Huu ulikuwa umejificha, na kesho ungeteremka mlima na mke wake. Mtaimbo ulikuwa umelala kwenye gunia na hakuutoa. Autoe wa nini? Kitu ambacho mtaimbo ungekipima huko chini kilikuwa bushi mpya ya mpira aliyoifunga yeye mwenyewe mwezi wa nane. Nani anashuku kitu alichokifunga kwa mikono yake?

"Umelipapasa hilo gari kuliko unavyonipapasa mimi," Lois alimchokoza.

"Nyamaza wewe, mama'ko anasikia."

Lois akacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, akaushika mkeka kwa mikono miwili. "Dunstan," alisema. "Maji yametoka."

Mlango ulifunguka kabla hajamaliza kusema. Sista Ethel alipiga magoti mkekani, akaweka mikono tumboni kwa bintiye, akasikiliza kwa vidole. Alipozungumza alizungumza na Lois, kwa sauti ya kumfikia mwanamume aliyesimama hatua nne kutoka pale. "Mwambie mumeo mtoto amelala mshazari. Huyu hatoki kwa kusukuma, anatolewa kwa kupasua, na wa kupasua yuko bondeni. Mwambie tunashuka sasa hivi."

"Amesikia, mama," Lois aliguna.

Wakambeba, wakamlaza kwenye godoro nyuma. Mama akakimbilia mbele, akakaa kwenye usukani, akatia ufunguo. Na Dunstan akaenda kusimama mbele ya boneti, viganja viwili juu ya bati.

"Mwambie mumeo atoke njiani!" Sista Ethel alipiga kelele.

Lois hakumwambia. Alikuwa ameuma upindo wa kanga, macho amefumba. Miaka sita ya ndoa, na leo hapakuwa na mtu wa kubeba maneno.

"Mama," Dunstan alisema, akiitazama boneti. "Gari hili haliendi."

"Ebo! Unataka wafie hapa uani kwangu?"

"Sitaki wafie kwenye kona. Nisamehe, mama. Nakuomba uniambie. Ukikanyaga breki, gari linafanya nini?"

Alimsikia anavuta kanga karibu na paji la uso. Jibu lilipokuja lilikuja kwa sauti ndogo ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuisikia kwake. "Linavuta kushoto. Na kitu kinagonga chini, du, mara moja. Nakaza mikono, nalirudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane. Tangu siku ulipolitengeneza."

"Miezi mitatu, mama! Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Sasa alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa na kilio ndani. "Nimwambie Awadhi mbele ya watu kwamba mkwe wangu kazi haijui? Nimwambie Lois, amdharau mumewe? Na wewe ningekuambiaje?"

Dunstan alitamani ardhi ipasuke. Lakini masikio ya ufundi yalikuwa yameshapata yaliyotaka: breki. Ni breki inayoligeuza. Uwanjani halikanyagwi breki, kwenye kamba halikanyagwi breki, mchangani hukanyagi, unaachia tu linasimama lenyewe.

"Rudi nyuma mpaka kwenye ule muhogo," alisema. "Kisha uje, ukifika hapa kanyaga breki kwa nguvu. Mimi nitalala chini nitazame gurudumu."

"Utalala chini? Mbele yangu?"

"Nitalala chini, mama."

Akalala. Mwanamume mzima, mkwe wa watu, tumbo mchangani, miguu huku na huku, mbele ya mama mzaa mkewe, na majirani wawili wameshafika wameshika midomo. Gari likarudi nyuma. Likaja, likanguruma, likafika usawa wa kichwa chake, breki. Akaliona. Gurudumu la kushoto liliruka nyuma upana wa vidole viwili, likageuza uso nje, du! Kisha gari lilipotulia nalo likarudi mahali pake, limenyooka vizuri, kamba yoyote ingelisifu.

Aliruka akaweka jeki juu ya ubao isizame, akanyanyua, akauchomeka mtaimbo chini ya ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu, akasukuma. Mkono ukacheza. Akafungua nati, akachomoa bolti. Bushi, ule mpira wa kukaa kati ya mkono na bodi, ilitoka imechanika mzunguko mzima. Bushi yenyewe ya mwezi wa nane.

Papo hapo akaelewa kilichoichana.

Siku ile ya mwezi wa nane gari lilikuwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia, yeye amelala chini ya gari miguu imetokeza kwenye lango. Nati za mkono ule hazikazwi gari likiwa hewani. Unazishika tu kwa vidole, unalishusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Ukikaza hewani unaufunga mpira umepinda, na gari likishuka linaanza kuuchana, kila shimo, kila breki. Dunstan alikuwa akiwafundisha wengine jambo hilo. Lakini siku ile alisikia hodi langoni, na sauti ilikuwa ya mama mkwe, kawahi saa nzima. Na yeye amelala hivyo! Alizipiga nati zile mizunguko ya nguvu hapo hapo zilipo, akatokea upande wa pili, akaruka uzio wa matete wa jirani. Awadhi akafunga gurudumu, akateremsha jeki, akakabidhi ufunguo. Nitakaza upya siku nyingine, Dunstan alijiambia. Siku nyingine haikuja; gari liliporudi kupimwa alikwishasahau.

Lois alipiga ukelele ndani ya gari.

"Muda gani?" mama aliuliza. Alikuwa nyuma sasa, amekishika kichwa cha mwanawe.

"Nusu saa."

"Hana nusu saa ya kuchezea!"

Bushi mpya haikuwapo Newala, labda hata Masasi. Alikata tyubu vipande virefu, akavizungusha kwenye bomba la bushi, akavuta mpaka vidole vikauma, safu juu ya safu, akavipachika kwa nyundo. Akarudisha mkono, akapitisha bolti. Nati mbili zilikuwa mbele ya macho yake, gari liko juu, spana inafika vizuri kabisa. Mizunguko minne tu na safari inaanza. Lois alilia tena, na kilio hiki kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

"Mkwe, twende!" mama alisihi. "Twende, nakuomba!"

"Bado, mama."

Akateremsha jeki. Gari likakaa chini, likafunika kila kitu. Akaanza kufukua mchanga kwa mikono pembeni mwa gurudumu kama mtu anayetafuta muhogo, akatengeneza shimo la bega moja, akajipenyeza, akaifikia nati ya kwanza bila kuiona. Robo mzunguko. Anatoa spana, anaiweka upya. Robo mzunguko. Machozi yalimtoka akiwa humo chini na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alihesabu vilio vya mkewe: vitatu mpaka nati ya kwanza, viwili mpaka ya pili. Kama mtoto angefia tumboni, angekuwa amefia katika zile robo mizunguko, na Dunstan alilijua hilo, na aliendelea kukaza.

Aliendesha yeye, maana mikono ya Sista Ethel ilihitajika nyuma. Alikuwa hajawahi kushusha gari mteremko ule hata siku moja. Walipofika ukingoni, barabara ikainama mbele yake.

"Gia ya pili," mama alisema kutoka nyuma. "Usiikanyage breki, iguse tu. Sasa ya kwanza. Kona hii inakuja ghafla, usiikaribie kushoto."

Mama aliijua kila kona kwa jina lake la siri, na zote alikuwa amezipita miezi mitatu na lile gurudumu, mikono imekazwa, mdomo umefungwa. Dunstan aligusa breki. Gari likaenda moja kwa moja. Akagusa tena. Moja kwa moja. Kona ya tano wakakutana na lori la korosho linapanda, limeitanua barabara yote, na hapo hakugusa, alikanyaga kwa mguu mzima. Gari lilisimama limenyooka, hatua moja kutoka kwenye bampa la lori. Upande wa kushoto, chini ya dirisha, hakuona barabara. Aliona vichwa vya miti.

Lori likajikusanya, likapita. Kuanzia pale ule mlio wa kugonga ulianza upya, du, mdogo sana, tyubu inaanza kulegea. Kila kona Dunstan aliusikia unakua. Mwisho wa mteremko ulikuwa unagonga kila breki, na usukani ulishaanza kuvuta kushoto. Alivyofika tambarare aliliachia gari likimbie, breki hakuitumia tena mpaka lango la hospitali.

Walimchukua Lois kwa machela, mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Jua lilikuwa bado liko kwenye mabati. Dunstan na mama mkwe walibaki kwenye korido yenye benchi moja tu, na mama alikaa, na Dunstan akakaa pia, benchi hilo hilo.

Muda uliopita hakuupima. Alikuwa akiyatazama matope ya mafuta kwenye kucha zake na kuwaza lile swali moja: ile nusu saa. Muuguzi alipotoka hakuthubutu kumtazama. "Wa kike," muuguzi alisema. "Alichelewa kulia kidogo, lakini amelia. Mama yake anapumua vizuri."

Muuguzi alipoondoka, Dunstan alisema kwa haraka, kabla woga haujamrudia. "Mama, bushi ile niliiharibu mimi. Nilikaza nati gari likiwa hewani. Nilisikia unapiga hodi, nikaona haya usinikute nimelala chini, nikakaza hivyo hivyo nikakimbia. Matairi yote mawili ni mimi. Na leo wangekufa, ingekuwa mimi."

Sista Ethel aliukunja upindo wa kanga mapajani.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuona unaruka uzio wa watu, shati limenasa kwenye matete. Nilifurahi, mwanangu, siwezi kukueleza nilivyofurahi. Jumapili yake nilisimama kwenye kikao cha akina mama kanisani nikawasimulia. Nikawaambia, jamani, mkwe niliyepewa mimi, heshima yake hamjaiona. Wakanipigia vigelegele." Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. "Vigelegele, Dunstan. Na gari linavuta kushoto."

Dunstan alibaki amekaa pale pale kwenye benchi, na mama naye hakuondoka, mpaka muuguzi alipokuja kuwaita wote wawili waingie kumwona mtoto.